NYUMBA NJEMA SI MLANGO, WALA LAVABO NJEMA SI KIOO

Wahenga walituachia usia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usia huo tunaukumbuka kila tupandapo kilima cha Kimihurura, hapa Kigali. Kilima hicho chajulikana vyema na askari. Ndipo lilipo jengo la Bunge ambamo wapiganaji 600 walipiga kambi tangu tarehe 28 Desemba 1993, na ndipo ilipo Wizara ya Ulinzi. Tangu Jumba la Mikutano la Kigali lifunguliwe mwaka 2016, nyumba nyingi za kuishi kilimani hapo zimegeuzwa ofisi, migahawa na nyumba za wageni. Kila nyumba ikarabatiwayo haikosi kuwekewa lavabo ya kisasa: beseni jeupe limekaa juu ya kabati, kioo kipana ukutani, na bomba linalong'aa kama kifungo cha sare siku ya gwaride. Mgeni huingia, akatazama, akasifu. Swali tunalopenda kuliuliza leo ni hili: nyuma ya kabati hilo kuna nini?

Twaliuliza swali hilo mbele ya askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu tatu. Kwanza, askari huishi pamoja, na katika kambi au kituo watu wengi hutegemea bomba moja. Kosa lililofanywa mahali pamoja huwafikia wote. Pili, wengi wa ndugu zetu hawa wanajijengea nyumba kwa akiba ya mishahara yao, na akiba ya askari haikupatikana kwa wepesi. Tatu, jeshi na polisi wa nchi hii wamekuwa wakiwajengea wananchi nyumba, shule na zahanati. Ajengaye kwa ajili ya wengine yampasa ajue lililo sahihi kuliko ajengaye kwa ajili yake mwenyewe.

Askari yeyote aliyepitia mafunzo anajua kuwa lango lisilo na mlinzi si lango. Tundu la lavabo ni lango. Upande mmoja yupo binadamu anayenawa uso. Upande wa pili lipo bomba la maji machafu, na mwisho wa bomba hilo lipo tangi la uchafu, ambalo hapa kwetu mafundi huliita fosi septiki. Kwa miaka mingi jiji la Kigali halikuwa na mtandao mmoja wa maji machafu wa kulihudumia jiji zima, kwa hiyo nyumba nyingi za milimani hutegemea tangi na shimo la kufyonza vilivyomo katika kiwanja chenyewe. Adui, kwa maneno mengine, hayuko mbali. Yuko uani.

Ndani ya tangi hilo uchafu huoza pasipo hewa, na katika kuoza hutoa gesi. Mojawapo ni methani, ambayo huwaka. Nyingine ni salfidi ya haidrojeni, yenye harufu ya yai viza. Hii ya pili ina hila mbaya: ikiwa kidogo, pua huitambua mara moja; ikizidi, huilevya pua hata mtu asiisikie tena, na hapo ndipo inapoweza kuua. Ndiyo maana mtu hapaswi kamwe kuingia ndani ya tangi la uchafu bila vifaa vya kupumulia na watu wa kumwokoa juu, hata kama ni kwa dakika moja. Katika nchi nyingi wamekufa wafanyakazi kwa namna hiyo, na baada yao wakafa wenzao walioruka ndani kuwaokoa.

Ni nani basi alindaye lango hilo la lavabo? Ni maji. Chini ya beseni pana kipande cha bomba kilichopinda, ambacho mafundi wa Kigali, waliorithi msamiati wa Kifaransa, hukiita sifoni. Kila maji yapitapo, kiasi kidogo hubaki katika pindo hilo na kuziba njia, hata gesi isiweze kupanda. Fikra hiyo si ngeni. Mwaka 1775 fundi saa mmoja wa Uingereza, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda kwa mfano wa herufi S, na tangu wakati huo hakuna uvumbuzi uliozidi kizibo hiki cha maji kwa urahisi na uaminifu wake.

Lakini mlinzi huyu ni mwembamba. Kwa kanuni za Uingereza kina cha maji katika sifoni ya beseni la kunawia ni milimita 75, ambacho ni kidogo kuliko upana wa kiganja cha mtu mzima. Katika nchi nyingine hutosha milimita 50. Nguvu ndogo tu ya kuvuta au kusukuma yatosha kumwondoa mlinzi huyo lindoni. Nguvu hiyo yatoka wapi? Hapo ndipo tufikapo kwenye jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, na ambalo ndilo kiini cha makala haya: hewa.

Maji yakiteremka katika bomba hayaendi peke yake. Yakilijaza bomba lote, huwa kama kizibo kinachosafiri. Mbele yake husukuma hewa, nyuma yake huvuta hewa. Kama hewa ya kujaza nafasi iliyoachwa haina pa kuingilia, maji yatainyonya kupitia mahali pekee palipo wazi, nako ni kwenye sifoni. Mlio ule wa koroma usikikao mwishoni mwa kumwaga maji ya beseni, ambao wengi huucheka, ni sauti ya mlinzi akiburutwa kutoka lindoni. Beseni la kunawia, tena, liko katika hatari kubwa kuliko sinki la jikoni. Sinki la jikoni lina sakafu bapa, na maji ya mwisho hutiririka polepole yakaijaza sifoni upya. Beseni limeviringa, maji yake huisha kwa mkupuo, na nyuma hakubaki kitu cha kurudishia.

Kuna na hatari nyingine katika majengo ya ghorofa, yakiwemo mabweni ya askari. Mtu wa ghorofa ya juu akimwaga maji ya choo, mkupuo ule ukipita katika bomba kuu huweza kuyanyonya maji ya sifoni za wenzake wa chini, ingawa wao hawakufungua bomba lolote. Na karibu na mwisho wa bomba kuu, mahali linapokunja kwenda tangini, hewa hubanwa ikarudi juu, ikatoa mapovu katika beseni la mtu asiye na kosa. Ndiyo maana twasema kosa la bomba halina cheo: kapteni na koplo hulinusa sawasawa.

Dawa ya maradhi haya inajulikana, nayo ni bomba la hewa. Bomba kuu la maji machafu halipaswi kukomea pale choo cha juu kinapounganishwa. Lazima liendelee kupanda mpaka nje ya paa, liwe wazi juu, na lifunikwe kwa wavu ili ndege wasijenge kiota. Kanuni za Uingereza zataka lifike walau milimita 900 juu ya dirisha lolote lililo ndani ya mita 3. Kwa nyumba iliyo na tangi uani, bomba hilo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huingiza hewa maji yateremkapo, na huipa gesi ya tangi njia ya kupaa mbali na pua za watu.

Je, kila lavabo yahitaji bomba lake la hewa? La, na hapa tunapenda kusema kweli, maana wapo mafundi wanaodai bomba la hewa kila mahali ili kuongeza malipo, kama wapo wasioliweka popote. Beseni lililo karibu na bomba kuu laweza kupata hewa kutoka humo humo, mradi masharti yatimizwe. Kwa bomba la milimita 32, umbali kutoka sifoni hadi bomba kuu usizidi mita 1.7, na mwinamo uwe wa milimita 18 hadi 22 kwa kila mita. Kwa bomba la milimita 40, umbali waweza kufika mita 3, na mwinamo hadi milimita 44. Ukizidi hapo, huna budi kuweka bomba la hewa kwa ajili ya beseni lenyewe: liungwe ndani ya milimita 750 kutoka sifoni, lipande bila kurudi chini, na liunganishwe na bomba kuu la hewa juu ya usawa wa ukingo wa beseni la juu kabisa, ili siku bomba likiziba maji machafu yasiifanye njia ya hewa kuwa njia yake.

Wako wanaodhani kwamba mwinamo mkali ni bora kwa kuwa maji yatakwenda mbio. Dhana hiyo imewapoteza wengi, hasa katika jiji la milima kama hili. Bomba likiinama mno, maji huondoka kwa kasi ya kunyonya na kuiacha sifoni tupu. Likiinama kidogo mno, taka na sabuni hubaki njiani zikagandamana. Mwinamo wa wastani ndio ulio salama, na hupimwa kwa pima maji, haukadiriwi kwa jicho.

Tukirudi Kimihurura, na si Kimihurura peke yake, twaona makosa yanayorudiwa kila siku. La kwanza ni mrija wa plastiki wenye mikunjo, ule upindwao kwa mkono, ambao fundi huutumia badala ya sifoni. Huuchomeka katika bomba la sakafuni bila kizibo, na harufu hupita pembeni mwake hata kama ndani mna maji. La pili ni kuchanganya vipimo vya inchi na vya milimita. Vifaa vyetu hutoka nchi mbalimbali, na mafundi wetu wamejifunza shule mbalimbali. Sifoni ya inchi moja na robo hushindiliwa katika bomba la milimita 50 kwa kipande cha nailoni. La tatu ni kabati lenyewe. Droo zake zikizuia, fundi huikata au kuihamisha sifoni badala ya kuikata droo; na akimaliza, hufunga kila kitu kwa namna ambayo hakuna awezaye tena kufika kwenye valvu ya kufungia maji pasipo kuvunja mbao. La nne, na kubwa kuliko yote, ni bomba kuu kuishia ndani ya dari. Mwenye nyumba haoni dari. Analolipia ni kioo.

Huenda msomaji akasema kuwa harufu ni kero tu, si vita. Tunamwomba avumilie tumkumbushe mambo mawili ya kweli.

La kwanza ni la jeshi. Wakati wa Vita vya Krimea, vilivyodumu tangu 1853 hadi 1856, Waingereza waliwalaza majeruhi wao katika kambi kubwa ya Selimiye huko Scutari, ng'ambo ya Istanbul, iliyogeuzwa hospitali. Askari walikufa kwa maelfu, na walio wengi hawakuuawa na risasi bali na maradhi ya kuhara na homa. Chini ya jengo lile mlikuwamo mifereji ya uchafu iliyoziba, na hewa yake ilipanda kupitia vyoo hadi wodini. Mnamo Machi 1855 ilifika Tume ya Usafi kutoka Uingereza. Ikaisafisha mifereji, ikaondoa uchafu, ikafungua njia za hewa. Vifo vikashuka sana katika miezi iliyofuata. Florence Nightingale, muuguzi aliyekuwa hapo, alitumia miaka mingi baadaye kuwaonyesha wakubwa wa jeshi kwa hesabu na michoro kwamba askari wengi walikufa kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa. Wataalamu wa siku zile walidhani harufu yenyewe ndiyo ugonjwa. Leo tunajua kuwa ni vijidudu. Lakini kazi waliyoifanya ilikuwa ndiyo.

La pili ni la polisi. Mwaka 2003, wakati wa maradhi ya SARS, katika mtaa wa maghorofa uitwao Amoy Gardens, Hong Kong, waliugua watu zaidi ya 300, na jengo moja likawa na wagonjwa wengi kuliko mengine. Polisi walilizingira jengo hilo tarehe 31 Machi, hakuna kutoka wala kuingia. Walitimiza wajibu wao. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kuwa sifoni za sakafuni katika bafu nyingi zilikuwa zimekauka, kwa kuwa wakazi walikuwa wakipiga deki badala ya kumwaga maji; feni za bafuni zikawa zikivuta hewa yenye matone machafu kutoka katika bomba kuu na kuieneza vyumbani. Lango la mbele lilikuwa na walinzi wenye sare. Lango la sakafuni halikuwa na mlinzi, kwa sababu kikombe kimoja cha maji kilikosekana.

Sisi wenyewe hatujasahau mwaka 2020. Mara tu ugonjwa wa Korona ulipothibitishwa nchini tarehe 14 Machi, vituo vya mabasi na masoko ya Kigali vilijaa mabeseni ya kunawia mikono, na neno kandagira ukarabe likawa kinywani mwa kila mtoto. Polisi na wanajeshi ndio waliosimama barabarani kuhimiza kanuni za afya. Taifa lilijifunza kwamba beseni la kunawia ni silaha. Basi silaha haiwezi kuachwa na kutu. Beseni linalonuka halitumiwi. Askari atokaye chooni hulipita mbio, na mkono usionawa huenda moja kwa moja kwenye sahani ya bwalo. Hivyo bomba la hewa lisilowekwa juu ya paa huishia kuwa ugonjwa mezani.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Watasema ni gharama. Tunajibu kwamba gharama ya mita chache za bomba la plastiki na tundu moja la paa ni ndogo kuliko bei ya kioo kile kipana, na ni ndogo mno ikilinganishwa na kuvunja vigae na ukuta baada ya miaka miwili. Watasema pia kwamba wazee wetu waliishi bila lavabo. Ni kweli, na choo chao kilikuwa mbali na nyumba, upepo ukikipiga. Ni sisi tulioamua kukileta chumbani; basi tumelipokea na sharti lake. Na wako watakaosema kwamba siku hizi kuna valvu ndogo ya kuingiza hewa, iwekwayo chini ya beseni bila kutoboa paa. Valvu hiyo ni halali mahali pake, lakini huingiza hewa tu, haitoi. Nyumba yenye tangi yahitaji walau bomba moja lililo wazi hadi juu ya paa. Valvu haliwezi kulipokea bomba hilo zamu yake.

Kwa hayo yote, tunatoa rai tatu.

Rai ya kwanza ni kwa wakuu wa kambi, vituo na vyuo. Ukuta wowote wenye bomba usipigwe lipu kabla haujakaguliwa na bomba kujaribiwa kwa maji. Siku ya kukabidhi jengo, mabeseni yajazwe hadi ukingoni, vizibo vivutwe kwa pamoja na vyoo vimwagwe, kisha sifoni zipimwe: kila moja ibaki na maji ya kina cha milimita 25 kwa uchache. Likishindwa hilo, jengo lisipokewe. Bendera haipandishwi juu ya lango lisilo na mlinzi. Na ukaguzi usianzie kwenye ofisi ya mkubwa. Uanzie kwenye bafu la kuruti, kwenye kibanda cha mlinzi wa getini na kwenye chumba cha mahabusu, kwa kuwa hao ndio wasio na dirisha la kufungua wala ruhusa ya kuondoka.

Rai ya pili ni kwa askari anayejijengea nyumba. Usimlipe fundi fedha yote kabla hujapanda ngazi ukaliona bomba la hewa limetoka juu ya paa. Mwulize sifoni iko wapi na umbali wake hadi bomba kuu ni mita ngapi. Fundi mwema hatakasirika. Na wewe utumwaye kulinda amani katika nchi za mbali, ukaifunga nyumba yako kwa miezi mingi, mwachie jirani ufunguo amwage maji katika kila tundu mara kwa mara, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Akikosekana jirani, mimina maji, kisha juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke upesi.

Rai ya tatu ni kwa vikosi vinavyowajengea wananchi. Mwanakijiji apewaye nyumba na jeshi lake huiamini kama aaminivyo bunduki inayomlinda. Hatakuwa na fundi mwingine wa kumwuliza, wala fedha ya kuvunja na kujenga upya. Kama vijana wetu watamwachia nyumba yenye mabomba sahihi, na wakamweleza kwa dakika kumi jinsi yanavyofanya kazi, watakuwa wamemlinda hata siku ambazo hawapo.

Ndugu maafande, ulinzi mwingi uliotukuka hauonekani. Hakuna apigaye saluti kwa bomba lililosimama juu ya paa mvua na jua, wala kwa maji kidogo yaliyotulia gizani chini ya beseni. Hata hivyo hao wako zamu usiku kucha, bila posho. Tunachowaomba ninyi mnaoijua maana ya zamu ni kwamba msiwanyime nafasi yao. Kabla ya kukisifu kioo, fungueni kabati.